Anayeuliza Redioni ni Wakili wa Nani?

Katika mambo yatangazwayo na redio, liko moja ambalo watu wengi hulipita kama kitu kisicho na uzito, nalo ni mahojiano na waandishi wa vitabu na mabingwa wa elimu. Muziki hupendwa, habari hungojewa, na mpira huwakusanya watu mpaka barabarani. Lakini mwandishi aitwapo mbele ya kipaza sauti ili aeleze mawazo yake juu ya jamii, au mtaalamu aulizwapo mambo ya historia, ya uchumi au ya mila, wengi hudhani kuwa hiyo ni saa ya wasomi, nao huigeuza redio wakatafute ngoma. Sisi twaona kinyume cha hayo. Saa hiyo ni ya mfanyakazi kuliko ilivyo ya mtu mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo yampasa mfanyakazi adai iwe saa njema.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Kitabu ni ghali, na hata kisipokuwa ghali hakipatikani kila mahali. Na mtu atokaye zamu ya usiku bandarini au kiwandani, macho yake yamekwisha choka kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Lakini sikio lake lingali zima. Aweza kusikiliza akila, akioga, akipanda basi, akishona kiatu au akichambua mchele. Msomi akikosa kuyasikia mahojiano hapotezi kitu kikubwa, maana kesho atakwenda maktaba akakisome kitabu mwenyewe. Mfanyakazi akiyakosa, au akipewa mahojiano mabovu, huenda kitabu hicho kikampita maisha yake yote, na pamoja nacho yakampita mawazo ambayo labda yaligusa mshahara wake, shamba la baba yake au shule ya mtoto wake.

Ndipo tusemapo kwamba yule aketiye studio na kuuliza maswali si mwenyeji tu wa kumkaribisha mgeni na kumpa maji ya kunywa. Yeye ni wakili. Ameketi pale badala ya maelfu ya watu ambao hawakukisoma kitabu na wala hawatapata nafasi ya kukutana na mwandishi uso kwa uso. Kila swali aulizalo, auliza kwa niaba yao. Na kila swali aliachalo kwa uvivu au kwa woga, wamenyimwa wao.

Sasa mtu mwenye shauri mahakamani hutaka mambo matatu kwa wakili wake. Kwanza, hutaka awe amelisoma jalada la kesi kabla hajasimama. Pili, hutaka kujua analipwa na nani, asije akawa analipwa kwa siri na upande mwingine. Tatu, hutaka shauri liendeshwe kwa lugha ambayo yeye mwenye shauri aielewa, asije akashindwa, au hata akashinda, pasipo kujua. Kwa mizani hiyo ya mambo matatu twataka leo kuyapima mahojiano ya redio, na kila jambo tutalitolea mfano wa kweli.

Tuanze na jalada. Ni nani asiyepata kusikia mahojiano ya namna hii? Mtangazaji amkaribisha mgeni kwa sifa nyingi, alisoma jina la kitabu kwa kusitasita, kisha asema: "Hebu tueleze kwa ufupi, kitabu chako chahusu nini?" Mgeni aeleza. "Na ni kitu gani kilichokusukuma ukakiandika?" Mgeni aeleza. "Una neno gani kwa vijana?" Mgeni atoa neno kwa vijana, saa imekwisha, muziki wapigwa. Maswali hayo matatu aweza kuulizwa mwandishi yeyote duniani juu ya kitabu chochote, na hiyo ndiyo dalili ya kuwa mwulizaji hakukifungua kitabu. Alisoma jalada la nje tu. Mwandishi hakuulizwa ni kwa nini maneno ya mwisho wa kitabu yapingana na maneno ya mwanzo. Hakuulizwa hesabu zake alizipata wapi, wala kama aliwahi kuzungumza na hao maskini ambao ameandika habari zao. Amekuja na sifa na ameondoka na sifa. Wahenga walikwisha sema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na anayelinywa tembo hilo la maji ni msikilizaji.

Dhidi ya mtindo huo twaweza kuweka mfano wa mtu mmoja wa Marekani aliyeifanya kazi hii kwa haki yake, naye ni Studs Terkel wa mji wa Chicago. Alizaliwa New York mwaka 1912, na alipokuwa mtoto wazazi wake walihamia Chicago, wakaendesha nyumba ya kupangisha vyumba. Humo, katikati ya wapangaji waliokuwa watu wa kazi za mikono, wenye kubishana usiku juu ya siasa na vyama vya wafanyakazi, ndimo alimojifunza kusikiliza. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago akahitimu mwaka 1934, lakini hakuifanya kazi ya mahakamani. Akaingia katika michezo ya kuigiza na utangazaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa wakisakwa kwa tuhuma za ukomunisti, kipindi chake cha televisheni kilikomeshwa, kwa sababu alikuwa ametia sahihi maombi ya kupinga ubaguzi wa rangi na mambo mengine kama hayo, naye akakataa kusema kwamba alidanganywa. Mwaka 1952 alianza kazi katika kituo cha redio kiitwacho WFMT cha mji huohuo, akakaa hapo mpaka mwaka 1997, yaani miaka 45. Alifariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 96.

Jambo lililomtofautisha Terkel na watangazaji wengine lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda: alikisoma kitabu. Alikisoma chote, kalamu mkononi, akipiga mistari na kuandika pembezoni, hata kitabu kikajaa wino wake. Mwandishi alipofika studio alikikuta kitabu chake mezani kikiwa kimechakaa, na Terkel akafungua mahali fulani, akamsomea mwandishi maneno yake mwenyewe, akamwuliza alikuwa na maana gani. Mwandishi akijibiwa hivyo hawezi kujificha nyuma ya hotuba aliyokwisha izoea. Yambidi afikiri palepale, na msikilizaji humsikia akifikiri. Waliopita mbele ya kipaza sauti chake ni watu kama James Baldwin, Simone de Beauvoir, Bertrand Russell na Martin Luther King, na vipindi vyake vilivyohifadhiwa ni zaidi ya 5,000. Tangu mwaka 2018 vingi katika hivyo vimewekwa mahali ambapo mtu mwenye simu aweza kuvisikiliza bila malipo.

Tuangalie vyema asije mtu akadhani kuwa twasifu ukali. Terkel hakuwa mkali kwa wageni wake. Aliwapenda, akacheka nao, akawaacha wamalize. Lakini kumheshimu mgeni si kumsifu. Heshima iliyo kubwa kwa mwandishi ni kumwonyesha kuwa maneno yake yamesomwa na kupimwa. Mwulizaji asiyesoma, hata akisifu namna gani, amemdharau mgeni wake na amewadharau wasikilizaji pia.

Kuna jambo jingine katika kazi ya mtu huyo ambalo wanachama na wafanyakazi wapaswa kulitia moyoni. Kipaza sauti alichompa mwanafalsafa ndicho alichompa mfagiaji. Mwezi Agosti 1963, watu walipokwenda Washington kwa maandamano makubwa ya kudai kazi na uhuru, alipanda treni pamoja na waandamanaji wa Chicago, akawarekodi safarini watu wasiojulikana, akawauliza waenda kwa nini. Mwaka 1974 alitoa kitabu kiitwacho Working, chenye maneno ya watu zaidi ya 100 wakieleza kazi zao: mhudumu wa hoteli, mchimba makaburi, mchomeleaji wa kiwanda cha magari, na wengine wa kila namna. Mmoja wao, mfanyakazi wa chuma, alitamani jengo kubwa liwe na ukanda ulioandikwa majina ya mafundi wote walioliinua, ili fundi apite na mwanawe na kumwonyesha jina lake. Hilo ni wazo juu ya kazi na heshima ya binadamu, na halikutoka chuo kikuu chochote. Lilitoka kwa mtu aliyeulizwa swali la haki na kuachwa alijibu.

Terkel hakujua kuendesha gari. Alikwenda kazini kwa basi, akizungumza na abiria. Hata kinasa sauti chake kilimshinda mara kwa mara, naye alieleza kuwa udhaifu huo ulimsaidia, maana mtu wa kawaida aliyeogopa mashine alipomwona mtangazaji naye ahangaika nayo, hofu ilimtoka wakawa sawa. Nasi twapata funzo kubwa hapo. Mtangazaji ajionaye bwana mkubwa mbele ya mpagazi, na mtumwa mbele ya profesa, hawezi kuwa wakili wa yeyote kati yao. Redio ikizungumza habari za mishahara na wataalamu wa uchumi watatu, wala asiwepo hata mmoja anayeishi kwa mshahara wa kima cha chini, hapo shauri limesikilizwa upande mmoja.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo ni malipo. Hapa yatubidi tuondoke Chicago twende London, kwa sababu kisa chenyewe chawahusu waandishi wa Afrika.

Mwaka 1962, wakati nchi za Afrika zilipokuwa zikipata uhuru moja baada ya nyingine, ilianzishwa London ofisi iliyoitwa Transcription Centre. Mkuu wake alikuwa Dennis Duerden, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika matangazo ya Kihausa ya BBC. Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kurekodi mazungumzo na waandishi, wasanii na wanafikra wa Afrika, kisha kuyapeleka kwa vituo vya redio. Ilikuwa kazi njema, na iliyofanywa vizuri. Miongoni mwa waulizaji alikuwa Lewis Nkosi wa Afrika Kusini, ambaye naye alikuwa mwandishi aliyefukuzwa kwao na siasa ya ubaguzi, kwa hiyo alipomwuliza Chinua Achebe juu ya riwaya zake alijua analouliza. Wole Soyinka alihojiwa, Ama Ata Aidoo alihojiwa, Okot p'Bitek alihojiwa, na Ngugi wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, alihojiwa. Mshairi Christopher Okigbo alihojiwa pia. Naye aliuawa katika vita vya Biafra mwaka 1967, na katika mahojiano hayo twaweza bado kumsikia akieleza jinsi mashairi yalivyomjia. Mwaka 1972 mengi ya mazungumzo hayo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho African Writers Talking.

Lakini je, ni nani aliyelipa? Fedha zilitoka kwa shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, lililozaliwa Berlin mwaka 1950 na kuwa na makao yake Paris, na zilipitia katika wakfu wa Marekani ulioitwa Farfield. Shirika hilo lilijitangaza kuwa ni la kutetea uhuru wa fikra. Mwezi Aprili 1966 gazeti la The New York Times lilichapisha habari kwamba Shirika la Ujasusi la Marekani, yaani CIA, ndilo lililokuwa likilitilia fedha, na katika mwaka 1967 jambo hilo likadhihirika kabisa hata shirika likalazimika kubadili jina. Wole Soyinka ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyoudhika alipojua ni mkono wa nani uliokuwa ukiwalisha. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa wako watu wawili ambao hatukubaliani nao. Wa kwanza asema: basi mahojiano yote yale ni takataka, ni sauti ya jasusi, yatupwe. Ukiyasoma huoni hivyo. Huoni mwandishi aliyelishwa maneno. Wamwona Achebe ni Achebe, na Ngugi ni Ngugi, kila mtu na fikra zake juu ya ukoloni na juu ya jamii yake. Kuyatupa maneno yao kwa sababu ya dhambi ya aliyelipa ni kuwaadhibu waliodanganywa na kumwacha mdanganyifu. Wa pili asema: kama maneno yalikuwa mema, malipo yana madhara gani? Huyu naye amekosea, tena kosa lake ni kubwa zaidi. Mwenye kulipa kwa siri hahitaji kuandika majibu. Yamtosha kuchagua nani aitwe na nani asiitwe, ofisi ipi iendelee na ipi ifungwe, mazungumzo yafanyike kwa lugha gani. Zaidi ya hayo, amempokonya msikilizaji mizani yake. Mtu akijua kwamba mazungumzo haya yamelipiwa na serikali fulani, husikiliza akiwa na chumvi mkononi, asipojua, humeza.

Kwa hiyo ubaya haukuwa katika kulipwa, maana hakuna redio isiyolipiwa na mtu. Ubaya ulikuwa katika siri. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalianza mwezi Juni 1957, na kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2014, idhaa za BBC kwa nchi za nje zililipiwa kwa fungu la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Jambo hilo halikufichwa. Liliandikwa katika hesabu za serikali, na wazee wetu waliosikiliza London jioni walijua wamsikiliza nani. Waliamini walichoamini, na walichokitilia shaka wakakitilia shaka.

Msomaji atatugeukia sisi na kusema: na ninyi je? Ana haki. Gazeti hili ni la chama, na jina la chama liko wazi, wala hakuna asiyejua. Mwenye kutaka kutupima ana mizani mkononi. Hilo ndilo tulitakalo kwa kila redio, iwe ya serikali, ya dini, ya mfanyabiashara au ya ufadhili wa kigeni. Kama kipindi cha mahojiano juu ya kilimo kimelipiwa na kampuni iuzayo mbegu, itajwe mwanzoni. Kama mtaalamu aliyealikwa kuzungumzia mikopo ana kazi katika benki, ielezwe. Kama mwandishi amelipa ili aletwe studio, hayo si mahojiano tena bali ni tangazo la biashara, nalo liitwe kwa jina lake.

Jambo la tatu ni lugha, na hilo limefungamana na kisa kilekile. Mwezi Juni 1962, kwa fedha za shirika lilelile, ulifanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika. Achebe alikuwako, Soyinka alikuwako, na Ngugi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa hapo, alikuwako. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja: mwandishi awe ni wa Kiingereza. Kwa sharti hilo, Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, hadithi na insha kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na aliyesomwa kutoka pwani mpaka bara, hakuwa na kiti. Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia. Ngugi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, alikuja kuliandika jambo hilo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, akilitaja jina la Shaaban Robert kuwa ni ushahidi wa jinsi mkutano ulivyopotoka tangu mlangoni.

Hatusemi kwamba mahojiano ya Kiingereza hayana faida. Mghana na Mwacholi walipotaka kuelewana juu ya riwaya, walitumia lugha waliyokuwa nayo wote wawili. Lakini tuangalie matokeo yake. Mazungumzo yaliyorekodiwa London yalihifadhiwa, yakachapwa, yakasomwa vyuoni. Na hivyo vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kuwa fasihi ya Afrika ndiyo ile iliyoulizwa maswali kwa Kiingereza. Asiyeulizwa huhesabiwa kuwa hana la kusema. Hiyo ni kasumba, na haikuhitaji bunduki wala viboko. Ilihitaji kinasa sauti na orodha ya wageni.

Wala tusidhani kuwa ugonjwa huo uliishia mwaka 1962. Hata katika redio zisemazo Kiswahili kutwa nzima, mtaalamu akialikwa huanza sentensi kwa Kiswahili akaimaliza kwa Kiingereza, na neno lililo muhimu kuliko yote ndilo alisemalo kwa Kiingereza. Mtangazaji aitikia kwa kichwa, kana kwamba kuelewa kwake yeye kwatosha. Hatoshi. Wakili wa kweli angemsimamisha hapo na kusema kwa adabu: "Ndugu, neno hilo maana yake nini kwa mtu aliye shambani?" Mara nyingi tumegundua kwamba mtaalamu akilazimishwa kulieleza neno lake kwa Kiswahili, mambo mawili hutokea: ama wote twaelewa, ama yaonekana kuwa hata yeye hakuwa akilielewa sana. Yote mawili ni faida kwa msikilizaji. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili lugha hii iweze kubeba kila elimu, lakini baraza haliwezi kumwekea mtu maneno mdomoni. Maneno hukua kwa kutumiwa, na kipaza sauti ni mahali pazuri pa kuyatumia.

Tumesema mengi juu ya wakili. Yafaa tuseme machache juu ya mwenye shauri, yaani msikilizaji. Wakili mwema hana kazi kama mwenye shauri amelala. Nchi yetu imekwisha kuona jinsi redio iwezavyo kufanya kazi pale wasikilizaji wanapojipanga. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo Radio Tanzania ilitangaza vipindi vyake, na watu wapatao milioni 2 wakakutana katika vikundi kusikiliza, kusoma kijitabu, kisha kujadiliana juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine, na mwisho kutenda. Waliposikia habari za choo, walichimba choo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Siri ya kampeni hizo haikuwa utamu wa sauti ya mtangazaji. Siri ilikuwa kwamba baada ya redio kunyamaza, watu walianza kusema.

Mahojiano na waandishi hayatofautiani na hayo. Mtu akiyasikiliza peke yake kisha akalala, amepata kitu, lakini kidogo. Matawi ya chama, vyama vya wafanyakazi na vilabu vya vijana vyaweza kusikiliza kipindi kimoja kwa juma, na kukijadili kwa nusu saa: Mwandishi amesema nini? Sisi twaona nini? Ni swali gani ambalo halikuulizwa? Hilo swali la mwisho ndilo lililo bora, na liandikwe na kupelekwa kituoni kwa barua au kwa simu. Mtangazaji ajuaye kwamba kuna watu bandarini na viwandani wanaohesabu maswali aliyoyaruka, juma lijalo atakuwa amekisoma kitabu.

Basi madai yetu ni haya, nayo si mengi. Mwulizaji asiketi na mwandishi ambaye hakukisoma kitabu chake. Akikosa nafasi, kipindi kiahirishwe, ni heri kuliko kuwadanganya watu. Anayelipia kipindi atajwe kabla ya swali la kwanza. Kila mara wataalamu wanapozungumza juu ya maisha ya watu wa kazi, watu wa kazi wenyewe wawepo studioni, tena si kwa kupamba bali kwa kujibu. Mazungumzo yafanywe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mgeni asiyekijua afasiriwe na mtu akijuaye vyema. Na mahojiano yahifadhiwe, maana sauti ya mwandishi aliyekufa hairekodiwi tena. Sauti za waliohojiwa London na Chicago zingaliko kwa sababu kuna mtu aliyezitunza kanda. Tujiulize ni wangapi katika waandishi wetu wa Kiswahili wameingia kaburini bila kuulizwa swali moja la maana, na wangapi waliulizwa lakini kanda zao zikafutwa ili zirekodiwe nyimbo.

Wenye vituo watasema kuwa haya yahitaji fedha na muda. Kusoma kitabu kwahitaji usiku mbili tatu na taa. Kumtaja mlipaji kwahitaji sentensi moja. Kumwita fundi wa reli studioni kwahitaji nauli ya basi. Mambo hayo hayamshindi mwenye kutaka, na asiyetaka yampasa aseme waziwazi kwa nini hataki.

Asiyeuliza hana ajifunzalo. Na sisi tusioweza kuuliza wenyewe, tukiwa kazini au shambani, tumempa mtu mmoja kinywa chetu aulize kwa ajili yetu. Tuna haki ya kumwuliza yeye kwanza: ndugu, umesoma?